Kura ya Kuinamisha Mji

Huku Port Averil, pwani ya kaskazini ya Tasmania, hakuna kitu kilicho sawa isipokuwa kiwanja cha matufe. Mengine yote yanaelekea baharini. Siku ya takataka kila mtu huweka jiwe nyuma ya gurudumu la pipa lake, na asiyeweka hulikimbiza pipa hilo mpaka gatini akiwa na nguo za kulalia. Gari huegeshwa tairi likiwa limebanwa kwenye ukingo wa barabara. Mwanamke wa hapa akiolewa nje ya mji, wiki za mwanzo huyumba kidogo akitembea, na wakwe humdhania mlevi.

Raelene Goss anakula kwa mteremko huo. Ni mchoraji katika ofisi ya Duncan Pybus, msanifu majengo. Wamegawana kazi kwa haki: Pybus huchora nyumba kana kwamba itajengwa juu ya meza, kisha Raelene huichukua nyumba pamoja na meza yake na kuipandisha kilimani. Mpima ardhi humletea vimo, Raelene huviingiza kwenye kompyuta, na programu huunganisha nukta kwa nukta, pembetatu kwa pembetatu, mpaka skrini inapata kilima kinachofanana na shuka lililotupiwa mbwa aliyelala.

Kilima si taabu. Taabu ni ukingo wa barabara, ule wa zege unaotenga lami na njia ya miguu. Watu waliotunga programu hiyo, kwa dalili zote, waliishi mahali tambarare. Ukichora ukingo ukauacha, unalala kimlalo kama ubao wa kupigia pasi: mwisho mmoja umezama ardhini, mwisho mwingine unaelea hewani na paka anapita chini yake. Lazima uufundishe kuifuata ardhi, ukae nayo kila inapopanda na kila inapojuta. Tena mahali gari linapoingilia lazima uushushe taratibu, la sivyo kila mgeni atakayekuja kula chakula cha Jumapili atakuna tumbo la gari lake, na lawama itarudi kwa Pybus.

Katika kila mchoro Raelene huficha mtu mdogo mwenye kofia kama ya Pybus, aliyezama kwenye maua mpaka magotini. Wateja hawajawahi kumwona. Pybus amemwona, na kila akimwona hushusha pumzi na kuuliza kama chai ipo.

Basi mwaka huu Raelene alipata kazi isiyo na malipo, aliyojitwisha mwenyewe, na mteja wake alikuwa Enid Fazackerley.

Bi Enid ndiye mchezaji bora wa matufe aliyewahi kutokea mjini petu. Mchezo wenyewe ni wa kuviringisha matufe mazito juu ya nyasi fupi ili yakaribie tufe dogo jeupe, ambalo sisi tunaliita Paka. Matufe yamechongwa yasiende moja kwa moja, kwa hiyo mtu hulenga pembeni na kutumaini, na Bi Enid hakuwa na desturi ya kutumaini. Nyonga zilimsaliti, akapata kiti cha magurudumu, lakini mkono ukabaki uleule. Akaongeza magurudumu mapana yasiyokwaruza nyasi, akaendelea kutushindia.

Tatizo lilikuwa kuingia. Kutoka barabarani kuna ukingo mrefu, kisha ngazi. Kila Jumamosi wanaume wawili walimwinua na kiti chake kama kochi linalohama nyumba, mmoja akisema "Shika huko, shika huko," mwingine akisema "Mgongo wangu, jamani." Msimu uliopita walimkwamisha getini wakibishana nani arudi nyuma, wageni wakitazama. Siku hiyo Bi Enid alitangaza kwamba msimu ujao hataingia klabuni kwa mikono ya mtu. Siku ya kufungua msimu ataingia mwenyewe, au atabaki nyumbani kwake kwa maisha yake yaliyobaki, asikilize redio. Anayemfahamu Bi Enid anajua kwamba hilo halikuwa tishio bali ratiba.

Halmashauri ilikubali kulipia zege, kwa sharti moja: michoro ionyeshe mteremko wa halali, hatua kumi na nne mbele kwa kila hatua moja juu, na njia isiinamie upande. Raelene akampeleka mpima ardhi. Kwa kuwa klabu yetu hairuhusu mguu wa chombo chochote kukanyaga kiwanja, mpima alisimama nje ya ua akapima pembe za kiwanja kwa mbali.

Namba zilipofika, Raelene alizitazama, akanywa chai, akazitazama tena, akampigia simu.

"We bwana, ulikuwa umelewa?"

"Ningelewa ningekuletea tofauti ndogo," mpima alijibu. "Nilipima mara ya pili nikiwa nimeudhika kabisa."

Pembe ya kiwanja iliyo upande wa kanisa ilikuwa juu kuliko pembe ya uani kwa kimo cha chupa ya bia.

Hapo yafaa nimtaje Athol Goss, babake Raelene, mtunza kiwanja. Mzee Athol hukata nyasi zile kwa mashine aliyoirithi, huzimwagilia kabla ya kiamshakinywa, na huzungumza nazo kwa sauti ambayo marehemu mkewe hakuwahi kuisikia. Raelene alimkuta kwenye banda la mashine akinoa visu.

"Baba, kiwanja kimeinama."

"Funga mlango," alisema Mzee Athol.

Akaufunga.

"Kiwanja kiko sawa," alisema baba mtu. "Babu yako alikisawazisha mwenyewe."

"Mbona mvua ikinyesha maji yanajaa pembe ya chini?"

"Pembe gani ya chini? Hakuna pembe ya chini."

"Ile ya karibu na ua."

"Ahaa, ile ya chini." Akashusha jiwe la kunolea. "Sikiliza, mwanangu. Hao majirani zetu wa Stannard wamecheza hapa tangu sijaota ndevu. Wameshinda lini?"

"Hawajawahi."

"Basi. Wakirusha kutoka upande wa kanisa, tufe linawapita kama mtu wanayemdai. Sisi tunajua pa kulenga. Hatukufundishana, hatuzungumzii, tumelelewa nayo tu, kama dini. Sasa wewe unataka kuiandika namba hiyo kwenye mchoro, uupeleke halmashauri, na karani wa halmashauri anatoka wapi?"

"Stannard."

"Stannard! Chora kiwanja sawa, au usichore kabisa."

Kamati ya klabu ilisema vivyo hivyo, ila kwa heshima zaidi. Mwenyekiti wetu ni Glenys Tunks, mama mwenye sauti ya kengele ya shule. Alimweleza Raelene kwamba klabu ina kanuni tangu kuanzishwa: kila kipimo ndani ya ua huanzia kiwanjani, na kiwanja ni sawa. Mchoro usioheshimu kanuni hautapita. Wanampenda Bi Enid sana, alisema, na mikono ya kumbeba ipo.

Sasa tazama alivyobanwa. Akianzia kwenye kiwanja cha kamati, njia ya Bi Enid itatoka imepinda, mteremko utazidi, kiti kitavutwa uani kama punda anayetaka nyumbani, na halmashauri haitatoa hata ndoo ya zege. Akianzia kwenye kiwanja cha kweli, kamati itautupa mchoro. Na msimu ulikuwa unakaribia.

Akaenda kwa Bi Enid, akamkuta akipanga matufe yake mapajani na kuyafuta kwa soksi.

"Shangazi Enid, kumbe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kiwanja."

"Nimekuwa bingwa pale kabla hujazaliwa, kipenzi. Unadhani nilishinda kwa urembo?" Akalipumulia tufe. "Ingawa nao ulikuwepo."

"Wanasema nichore kiwanja sawa. Nikichora sawa, njia yako imekufa."

Bi Enid alifuta tufe jingine. "Kwa hiyo wamelinganisha. Huku mimi, huku pembe ya nyasi. Wamechagua pembe."

"Hawakusema hivyo."

"Glenys huwa hasemi, anasoma kanuni." Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho wapinzani wake wa zamani wangekitambua na kuanza kutokwa jasho. "Usibishane nao, Raelene. Waamini."

"Vipi?"

"Waamini kila neno. Hiyo kompyuta yako, iambie nayo iwaamini."

Mkutano ulifanyika klabuni, skrini ikiwa imetundikwa juu ya kabati la vikombe na pai za kombe wa baharini zenye bizari zikipita kwenye sinia. Watu walikuja wengi, kwa sababu ya pai. Raelene aliwasha mashine yake.

Katikati ya skrini palikuwa na kiwanja chetu, kijani, kimetulia kama maji kwenye glasi. Watu waliguna kwa kuridhika. Mzee Athol alijikuna shingo akionyesha unyenyekevu. Kisha Raelene akarudisha picha nyuma ili mji wote uonekane, na sinia la pai likasimama lilipokuwa.

Kanisa lilikuwa limelalia upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Baa iliegemea duka la nyavu. Ukingo wa Mtaa wa Gati ulizamia ardhini mwanzoni na mwishoni ukaning'inia hewani, na chini yake alisimama mtu mdogo mwenye kofia. Bahari yenyewe ilikuwa imepanda upande wa Stannard kama mwenzi wa kitandani aliyevuta blanketi lote kwake.

Ni haki kusema kwamba programu ile ina mahali pa kukuza vimo ili jicho liyaone yasiyoonekana. Raelene alikuwa amepatumia, na kwa ukarimu. Hakuona sababu ya kuchosha mkutano kwa mambo ya ufundi.

"Kanisa limefanya nini?" Glenys aliuliza.

"Limeinama, Mama Mwenyekiti."

"Tangu lini?"

"Tangu kiwanja kiwe sawa." Raelene alisema kwa upole wa muuguzi. "Mimi nimefuata kanuni. Nimeanzia kiwanjani. Kama kiwanja ni sawa, basi hivi ndivyo mji ulivyo. Kama mji ni sawa, basi..."

"Usiimalizie," Mzee Athol alisema haraka.

Nilisikia mtu akitafuna. Ilionekana wazi kwamba kitu kimojawapo lazima kiiname, na kwamba ndani ya chumba hicho kulikuwa na watu wengi waliopenda kiwanja kuliko kanisa, akiwamo, nadhani, mchungaji.

Mzee Athol akasimama. "Mimi kwa upande wangu," alisema, "siku zote nimeliona lile kanisa limekaa vibaya."

"Na baa!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Bia yangu huwa inahama pale."

"Bia yako inahama kwa sababu unalalia meza, Kelvin."

"Ninalalia meza kwa sababu baa imeinama!"

Ndipo ikatolewa hoja, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura kwa mikono, kwamba mji wa Port Averil umeinama na kiwanja cha klabu ni sawa. Ilipita. Mchungaji hakupiga kura. Alisema ana pai mkononi.

"Basi," alisema Raelene, "njia ya Shangazi Enid iko nje ya kiwanja, kwenye ardhi ya mji. Naomba niichore kwa vipimo vya mji, na upotovu wake wote."

"Bila shaka," alisema Glenys, ambaye sasa aliona fahari ya mtu aliyetatua jambo. "Hatuwezi kuubebesha mji sifa zisizo zake. Ukingo, mteremko, geti, vyote vifuate mji. Lakini ile njia ya zege inayopakana na kiwanja, hiyo ni ya klabu. Hiyo ifuate kiwanja."

Raelene aliinua macho. "Mna uhakika?"

"Isitofautiane hata unywele. Athol?"

"Hata unywele," alisema Mzee Athol.

Raelene alimtazama Bi Enid, aliyeletwa kwenye mkutano huo kwa mara ya mwisho kama kochi. Bi Enid alikuwa akichungulia ndani ya pai yake, kana kwamba amedondosha kitu humo.

Ukingo ukavunjwa, ukashushwa, ukasawazishwa na lami mpaka ukawa laini kama ulimi. Njia ya mteremko ikamwagwa na kuwekewa vyuma vya kushikia. Fundi wa zege, mtu wa mji mwingine, alifanya kazi hiyo vizuri mpaka alipofika kwenye njia ya kiwanjani. Huko aliweka pimamaji yake, akaona kiputo kimekimbilia pembeni, akaipindua, akaipiga kofi, akamwita Mzee Athol.

"Mzee, hii njia yenu inaenda chini."

"Pimamaji hiyo umeinunua wapi?"

"Hapo dukani kwenu."

"Ndiyo maana," alisema Mzee Athol. "Mwaga zege."

Akamwaga, akailainisha mpaka ikang'aa.

Siku ya kufungua msimu wageni walikuwa Stannard, wamekaa kwenye benchi refu kando ya ile njia mpya, wamevaa nyeupe, na nyuso za watu waliokuja kushindwa kwa adabu. Nahodha wao ni Vern Oldaker, muuza matrekta, mtu mzito na wa haki.

Bi Enid alishushwa garini kule chini barabarani. Wale wanaume wawili, kwa mazoea, walikuwa wameshakunja mikono ya mashati.

"Kaeni mbali, makuli," aliwaambia. "Kajifunzeni kazi nyingine."

Akavuka ukingo bila kugongeshwa. Akaanza kupanda. Mikono ilikuwa myembamba na mteremko, hata ule wa halali, ni mteremko. Katikati alisimama akashika chuma, na sisi wote tuliokuwa juu tukagundua kwamba mawingu ya siku hiyo yalistahili kutazamwa kwa makini. Tuliposikia magurudumu tena tukaruhusu macho kushuka. Raelene hakuwa ametazama mawingu. Alikuwa ametazama vidole vya Bi Enid muda wote, na midomo yake ilikuwa ikihesabu pamoja navyo. Kisha gurudumu la mbele likapita getini, na Bi Enid Fazackerley akawa ndani, jasho usoni, nywele zimetawanyika, hajaguswa na mtu.

Tulipiga makofi. Hata Stannard walipiga. Glenys alitoa hotuba fupi kwa kipimo chake, kisha akamwekea Bi Enid Paka mapajani ili apate heshima ya kulirusha la kwanza.

Sijui ilikuwaje. Bi Enid alikuwa kwenye njia ya zege, upande wa kanisa, na alikuwa akigeuza kiti. Paka akateleza, akaanguka kwenye zege, akatulia.

Kisha akaondoka.

Hakwenda kwa kasi. Alikwenda kama mtu anayetoka ibadani kabla haijaisha. Alipita mbele ya benchi la Stannard, na vichwa vyao vikageuka kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyemgusa. Alivuka urefu wote wa kiwanja kandokando, akaongeza mwendo kidogo alipokaribia nyumbani, akagonga ua wa pembe ya chini, ile isiyokuwepo. Tok.

Vern Oldaker aliinuka. Alitembea mpaka pembeni, akaokota tufe, akarudi nalo polepole, akapiga goti moja kwa shida, akaliweka pale lilipokuwa, akaachia. Likaenda tena.

"Upepo?" aliuliza.

"Upepo," alisema Mzee Athol.

Vern aliitazama bendera. Ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake.

"Ni mji," Glenys alisema, kwa hadhi yote ya kiti chake. "Mji huu umeinama, Bwana Oldaker. Tulipiga kura."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja ni sawa."

"Na hii njia?"

"Hiyo inafuata kiwanja," alisema Glenys, "hata unywele." Kisha akasikia alichosema, na rangi ikampanda kutoka kwenye kola.

Vern alifikiri. Huwezi kumharakisha muuza matrekta. "Marehemu baba yangu," alisema hatimaye, "alicheza hapa mpaka akaacha kumwamini Mungu." Akamgeukia Bi Enid. "Bi Enid, umelidondosha makusudi?"

"Mikono mizee, Vern."

"Mikono iliyopanda ule mteremko?"

"Ndiyo iliyochoka."

Raelene aliinama kumrekebishia breki, ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Shangazi," alinong'ona, "kwa nini?"

"Walikuwa tayari kuninyima mlango kwa ajili ya pembe moja," alijibu Bi Enid, bila kunong'ona. "Sasa nina mlango. Pembe tutagawana na wageni. Nisukumie yale matufe yangu, tucheze."

Mchezo wa siku hiyo ulikuwa mgumu kuliko wowote ninaoukumbuka. Stannard walilenga kama watu waliozaliwa Mtaa wa Gati. Mzee Athol alikaa ndani ya banda lake na mlango umefungwa, akisikiliza. Tulishinda kwa tufe la mwisho, la Bi Enid, alilolirusha kutoka upande mgumu, ule wa chini, na likapanda taratibu mpaka likamgusa Paka shavuni. Hakushangilia. Aliomba chai.

Baadaye, watu wakiwa kwenye sandwichi, Vern alimwendea Raelene na sahani yake.

"Wewe ndiye uliyepima?"

"Mimi nachora tu, Bwana Oldaker. Anapima mwingine."

"Kazi nzuri. Na sisi tuna mama mmoja wa kiti, tutahitaji njia kama hii." Alitazama huku na huku, akasogea karibu. "Njoo Stannard siku yoyote, mke wangu anaoka keki nzuri. Ila huyo mpimaji wako, mwache nyumbani. Kiwanja chetu nacho ni sawa."